CHUMVI SAFI NA MAJI MACHUNGU

Somo la redio kwa watu wazima: Historia ya kazi za mikono

Leo twasoma historia, lakini si historia ya wafalme. Ni historia ya kitu kilichomo jikoni mwako sasa hivi, ndani ya kopo au kifuu. Kitu hicho ni chumvi.

Nimependa kuanza na ninyi wa Mbuchi, na jirani zenu wa vijiji vyote vya delta ya Rufiji katika Wilaya ya Kibiti. Ninyi mwakaa mahali ambapo maji ya mto na maji ya bahari hukutana kila siku, na kila mzee wenu ajua kwa ulimi wake maji yamekolea kiasi gani, masika na kiangazi.

Basi tuanze na jambo dogo. Kesho maji yakitoka, nenda ukachume jani la mchu. Lipindue, ulitazame upande wa chini. Huenda utaona chembe nyeupe. Ziguse kwa ncha ya ulimi: ni chumvi. Mchu hunywa maji ya chumvi, kisha huitoa chumvi hiyo kwa majani yake. Lakini mkoko, ule wenye mizizi iliyosimama kama miguu ya kaa, hufanya vingine. Wenyewe huizuia sehemu kubwa ya chumvi isipite mizizini. Miti miwili, tope moja, njia mbili za kutenganisha maji na chumvi. Mtaalamu katika maabara yake afanya kazi hiyo hiyo, ila kwa vyombo vya kioo.

Sasa sikilizeni swali la leo. Watu wawili wachota maji ya bahari mahali pamoja. Wote wawili wayachemsha. Mmoja apata chumvi nyeupe, kavu, isiyoacha ladha mbaya kinywani. Mwenzake apata chumvi chungu, ambayo ikiwekwa usiku, asubuhi imelowa. Akiitia kwenye samaki wa ng'onda, samaki huwa na uchungu. Akiipeleka sokoni, wanunuzi waionja, watikisa kichwa, na kumpa bei ya huruma. Amekosea wapi? Mpaka mwisho wa somo hili, jibu utakuwa nalo.

NINI KILICHOMO NDANI YA MAJI

Watu wengi hudhani maji ya bahari ni maji na chumvi basi. Sivyo. Katika lita moja ya maji ya bahari kuu kuna gramu 35 hivi za vitu vilivyoyeyuka. Chumvi yetu ya kula, ambayo wataalamu huiita kloridi ya sodiamu, ni gramu 27 hivi tu. Zilizobaki ni chumvi za namna nyingine: chumvi za magnesiamu, ambazo ni chungu, jasi, chokaa kidogo, na chumvi za potasiamu. Kumbe neno "chumvi" kwa mtaalamu si jina la kitu kimoja, ni jina la ukoo mzima.

Katika ukoo huo mbaya wetu ni kloridi ya magnesiamu. Huyu ni mchungu, tena ana tabia ya kuvuta unyevu kutoka hewani. Chumvi safi ya kula haivuti unyevu upesi, bali iliyochanganyika na magnesiamu hulowa hata siku isiyo na mvua. Mkiona gunia la chumvi linadondosha maji ghalani, msiseme chumvi imelogwa. Magnesiamu ndiyo inayokunywa hewa ya pwani.

Basi kazi ya kusafisha chumvi ni kazi ya kuwatenga ndugu hawa. Kwa bahati njema, wenyewe hawatoki majini kwa pamoja. Kila mmoja ana zamu yake.

Mwaka 1849 mkemia mmoja aitwaye Usiglio alichota maji ya Bahari ya Kati, akayakausha polepole huku akipima. Aliona hivi. Maji yalipopungua hata kufikia nusu hivi, chokaa ilianza kutuama. Yalipobaki sehemu moja tu katika tano, ikaanza kutoka jasi. Yalipobaki sehemu moja katika kumi, ndipo chumvi ya kula ilipoanza kuonekana. Na chumvi za magnesiamu? Hizo zilishikamana na maji mpaka mwisho kabisa, katika mabaki machache mazito yenye uchungu mkali.

Shikeni jambo hilo, kwa kuwa ndilo kiini cha somo. Chokaa na jasi hutangulia, chumvi hufuata, uchungu hubaki nyuma. Basi mtu akichemsha mpaka tone la mwisho likauke, amewalazimisha wote watoke pamoja. Ameongeza uzito wa mzigo wake, lakini ameutia sumu ya bei yake mwenyewe. Chumvi safi hupatikana kwa kujua wakati wa kuacha.

WAZEE WALIJUA BILA KITABU

Msidhani kwamba watu wa Afrika Mashariki walimngoja Usiglio. Twendeni Uganda, kando ya Ziwa Albert, kwenye kijiji cha Kibiro. Hapo wanawake wametengeneza chumvi kwa miaka mia saba au zaidi. Mwanahistoria wa mambo ya kale Graham Connah alichimbua mabaki ya kazi hiyo. Ardhi ya Kibiro ina chemchemi za maji moto yenye chumvi. Wanawake hutandaza udongo mkavu juu ya ardhi hiyo yenye unyevu. Jua huvuta maji ya chumvi yapande kwenye udongo ule, maji hukauka, chumvi hubaki. Kisha huukusanya udongo, huutia katika chungu chenye matundu chini, na kuumwagia maji. Maji hupita, huichukua chumvi na kuacha udongo. Yanayodondoka ni makali kuliko yale ya chemchemi, nayo ndiyo hutiwa motoni. Na udongo ule hautupwi. Hurudishwa shambani kufanya kazi tena.

Hapa tunapata mafunzo mawili. Kwanza, jua limefanywa litumike kabla ya kuni. Pili, chungu chenye matundu ni kichujio, sawasawa na karatasi ya kuchujia ya maabara. Ninyi wa delta mnayajua maeneo tupu yaliyo nyuma ya mikoko, ambako maji hufika siku za bamvua tu, na baadaye ardhi huwa na ukoko mweupe. Ukoko ule ni kazi ya jua iliyokwisha kufanywa bure. Mtu akwanguaye udongo ule na kuuchuja ameanza safari katikati ya njia, naye hachemshi maji mepesi.

Sasa tuvuke kwenda magharibi ya Tanzania, mpaka Uvinza, penye chemchemi za chumvi karibu na mto Rusugi unaoingia Malagarasi. Mwaka 1967 wataalamu Sutton na Roberts walichimba hapo. Walikuta vigae vya vyungu na mabaki ya majiko yaonyeshayo kwamba watu walichemsha chumvi Uvinza tangu karne ya 5 au ya 6 baada ya Kristo. Katika karne ya 19 misafara ilipita huko, na Waingereza Burton na Speke walipita mwaka 1858. Chumvi ya Uvinza ilisafiri mbali, kuzunguka Ziwa Tanganyika na kwenda Unyamwezi, nao watemi wa Uvinza walitoza ushuru kwa waliokuja kuchemsha.

Kwa nini chumvi hiyo ilipendwa hivyo? Maji ya Uvinza ni makali sana, na karibu chumvi yake yote ni chumvi ya kula. Magnesiamu ni kidogo. Mtu wa Uvinza aliweza kuchemsha mpaka chungu kikauke, na bado akapata chumvi njema. Mtu wa pwani akimwiga, atapata uchungu. Hivyo desturi njema ya mahali pamoja yaweza kuwa kosa mahali pengine. Ndiyo maana haitoshi kukariri kazi. Yafaa kujua sababu yake.

MELI KATIKA DELTA, NA CHUMVI YA MAJIVU

Mwanzoni mwa karne ya 20, chini ya utawala wa Wajerumani, chemchemi za Uvinza ziliingia mikononi mwa kampuni ya kigeni, na kiwanda kikajengwa. Kazi iliyokuwa ya watu wengi kwa msimu ikawa ya mwenye kiwanda. Kisha vikaja Vita Vikuu vya Kwanza, navyo vilifika mpaka mlangoni penu.

Wazee wa Rufiji wameisimulia sana habari ya manowari ya Kijerumani Königsberg. Tarehe 20 Septemba 1914 iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Unguja, kisha ikajificha ndani ya delta ya Rufiji. Manowari za Kiingereza ziliifungia njia, na tarehe 11 Julai 1915 ikaharibiwa huko huko ndani ya mto. Pwani yote ya nchi ilikuwa imezungukwa. Meli za biashara hazikuja, na vitu vilivyoagizwa kutoka Ulaya vikakosekana.

Basi jeshi la Wajerumani, pamoja na askari na wapagazi Waafrika kwa maelfu, likabidi kujitengenezea mahitaji. Jemadari wao, Lettow-Vorbeck, ameeleza katika kumbukumbu zake kwamba chumvi ilipatikana kwa kukausha maji ya bahari, na pia kwa kuchoma mimea na kuchuja majivu yake, kama wenyeji walivyokuwa wakifanya. Wenye nguvu za mizinga walirudi kwenye chungu cha mama!

Lakini chumvi ya majivu si ndugu halisi wa chumvi ya bahari. Mimea mingi ina potasiamu nyingi kuliko sodiamu, na majivu yake hutoa chumvi yenye ladha kali kama ya sabuni. Inakoleza mboga, inalainisha kunde, lakini ni mtu mwingine wa ule ukoo niliowatajia.

MVUKE WA ZAMBARAU

Na majivu hayo yanatupeleka mpaka Paris, Ufaransa, mwaka 1811. Alikuwako mtu aitwaye Bernard Courtois, fundi wa kutengeneza shura. Shura ni chumvi inayotumika katika baruti, na nchi yake ilikuwa vitani. Alihitaji potasiamu, naye aliipata katika majivu ya mwani wa baharini.

Hapa niwaeleze kitu kidogo. Shura husafishwa kwa njia isiyo ile ya chumvi ya kula. Chukua gramu 100 za maji ya kawaida: yatayeyusha gramu 32 hivi za shura. Maji hayo hayo yakichemka, huyeyusha zaidi ya gramu 240. Basi fundi huyeyusha shura katika maji ya moto, huchuja, kisha huacha yapoe. Shura hutoka yenyewe katika vipande virefu vinavyong'aa, na uchafu hubaki majini. Chumvi ya kula haikubali hila hiyo. Maji baridi huyeyusha gramu 36, maji yachemkayo gramu 39. Tofauti ni ndogo. Ukiyapoza, hupati kitu cha maana. Kwa hiyo chumvi ya kula lazima maji yake yakaushwe. Kila chumvi ina mlango wake.

Siku moja Courtois alitia asidi kali kupita kiasi katika mabaki ya majivu yake ya mwani. Ukapanda mvuke wa zambarau, ukagusa mahali pa baridi, ukaganda kuwa vipande vyeusi vyenye kung'aa. Alikuwa amegundua aiodini, ambayo sisi Tanzania tumezoea kuiita madini joto.

Kwa nini nawaeleza habari za Ufaransa? Kwa sababu ya shingo za watu wetu. Mwili ukikosa madini joto, tezi ya shingo huvimba likawa rovu, na mama mjamzito akiyakosa sana, mtoto aweza kuzaliwa na akili iliyodumaa. Ugonjwa huu ulisumbua sana sehemu za bara na nyanda za juu, ambako mvua ya karne nyingi imeyaosha madini hayo udongoni. Uswisi, nchi ya milima, ilianza kutia madini joto katika chumvi mwaka 1922. Hapa Tanzania, katika miaka ya 1980, watu wa sehemu zilizoathirika walianza kupewa vidonge vya mafuta yenye madini joto, na katika miaka ya 1990 sheria ikataka chumvi ya kula itiwe madini hayo.

Na hapa watu wa pwani hukosea. Husema, "Chumvi yetu yatoka baharini, nao mwani una madini joto, basi chumvi yetu inayo tayari." La. Mwani huyakusanya madini hayo mwilini mwake, lakini maji yenyewe yana kidogo mno, na chumvi inayotoka haina ya kutosha. Lazima yatiwe. Dawa inayotiwa ni aiodeti ya potasiamu, nayo ni chumvi mojawapo ya ule ukoo. Ukitaka kila kilo ya chumvi iwe na miligramu 50 za madini joto, tani nzima yahitaji gramu 84 hivi tu za dawa hiyo. Ni kiasi kidogo hata chaweza kushikwa katika kiganja. Ndiyo maana lazima kipimwe kwa mizani nzuri na kuchanganywa sawasawa na wanaojua. Si kazi ya kukisia. Na chumvi yenye kulowa kwa magnesiamu huyapoteza madini hayo upesi kuliko chumvi safi na kavu. Kwa hiyo usafi si mapambo ya sokoni tu. Usafi wa chumvi ya Mbuchi waweza kulinda mtoto wa Iringa asiyekujua.

JARIBIO LA KUFANYA PAMOJA

Sasa nataka kikundi chenu kifanye kazi. Chukueni maji ya bahari lita 18, yaani debe moja. Chagueni siku za kiangazi, maji yajaapo, maana wakati wa masika mto huyapunguza ukali. Yaacheni yatuame usiku, kisha yachujeni kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne. Yakiwa makali kama ya bahari kuu, ndani yake mna gramu 630 hivi za chumvi za kila namna, na katika hizo gramu 490 hivi ni chumvi ya kula.

Yatieni katika masufuria mazima yasiyo na kutu. Debe la bati hutafunwa na chumvi. Anikeni juani katika vyombo vipana kwa siku chache kwanza, ili jua lifanye kazi yake, ndipo mtie motoni. Wekeni yai bichi la kuku, lililo jipya, ndani ya maji: mwanzoni litazama, na maji yakisha kukolea litaelea. Yai hilo ni kipimo cha mafundi wa zamani.

Maji yakibaki lita mbili, epueni, yaacheni yatulie, yachujeni tena. Ule unga mweupe uliotuama ni chokaa na jasi. Endeleeni kwa moto mdogo. Chumvi itaanza kuonekana juu kama vipande vidogo vya mraba. Izoeni kwa kijiko kadiri inavyotoka. Maji yakibaki kikombe kimoja kikubwa, nusu lita na kidogo, SIMAMENI HAPO. Kinachobaki ni maji machungu. Yamwageni.

Najua mtanung'unika. Katika maji yale mnayoyamwaga, karibu robo ya chumvi yenu ingalimo. Ndiyo, hiyo ndiyo bei ya usafi. Asiyekubali kuacha robo hiyo huiharibu robo tatu.

Mwisho, ioshe chumvi yako. Mtashangaa: tuoshe chumvi kwa maji, isiyeyuke? Hapa ndipo ilipo hila ya mafundi. Yeyusheni chumvi safi katika maji mpaka yakatae kuyeyusha zaidi. Maji hayo yameshiba chumvi ya kula, hayawezi kuchukua nyingine, lakini bado yana nafasi ya magnesiamu. Nyunyizieni chumvi yenu kwa maji hayo ndani ya kikapu safi, iacheni ichuruzike, kisha ianikeni. Wekeni kijiko cha chumvi hiyo na kijiko cha chumvi iliyochemshwa hadi kukauka, katika visahani viwili, usiku kucha. Asubuhi mtaona wenyewe ipi imelowa.

Lakini hesabuni kuni mlizotumia. Kukausha debe zima kwa moto wa mafiga matatu si ajabu kumaliza zaidi ya kilo kumi za kuni, na mmepata chini ya nusu kilo ya chumvi. Zikiwa ni kuni za mikoko, hesabu ni mbaya zaidi. Mikoko ya delta ya Rufiji ndiyo mingi kuliko ya mahali pengine popote katika Afrika Mashariki, nayo ni hifadhi. Kamba na samaki wenu hukulia kwenye mizizi yake. Kuifyeka ili kupata kuni au mahali pa mabwawa ya chumvi ni kuuza nyumba ili kununua mlango. Bwawa la chumvi lina nafasi yake katika ardhi tupu isiyo na miti, nalo lifuate utaratibu ule ule: bwawa la kwanza la kutuamisha chokaa na jasi, la pili la kuvunia chumvi, na mfereji wa kuyatoa maji machungu kabla hayajakauka.

Basi, ndugu wasikilizaji, mmelipata jibu. Yule mtu wa pili hakukosa bidii. Huenda alikesha motoni kuliko mwenzake. Alikosa kujua lipi la kuliacha. Wanawake wa Kibiro walijua, mafundi wa shura walijua, na tangu leo nanyi mwajua.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Kwa nini fundi wa Uvinza aliweza kukausha maji yote, na fundi wa pwani hawezi?

2. Wazee wa kijiji chenu walipataje chumvi? Waulizeni hatua moja moja, mwaandikie majibu.

3. Mfanyabiashara akinunua chumvi kwa uzito tu, bila kuionja wala kuitazama, atawafundisha watengenezaji tabia gani?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.